Kanopi ya dirisha inavuja pale inaposhikana na ukuta

Swali la msomaji wa Nzuguni, Dodoma: "Shikamoo fundi. Mwaka jana niliweka kanopi ya bati juu ya dirisha la sebuleni, upande wa mashariki, nipunguze jua la asubuhi na mvua ya upepo. Ina urefu wa mita 3 na imetoka ukutani sentimita 60. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, imepigwa plasta nje na ndani. Mvua za Januari maji yakaanza kupita nyuma ya bati, yakashuka mpaka ndani, juu ya fremu. Fundi alijaza saruji ikapasuka. Akarudi na silikoni mara mbili, bado. Sasa ukuta kwa ndani unabanduka rangi na kutoa ungaunga mweupe, watu wanasema ni fangasi. Nifanye nini kabla ya mvua nyingine?"

Marahaba binti yangu, na pole sana. Kabla sijagusa bati wala silikoni, nikuulize: ukuta huo unaolowa una soketi au swichi? Sebule nyingi zina soketi ya televisheni pembeni mwa dirisha, na waya wake hushuka kutoka juu ndani ya bomba lililozikwa kwenye plasta. Maji yakishaingia ukutani hulifuata bomba hilo kama mtaro. Kama ipo, zima sakiti breka yake leo, na soketi hiyo isitumike mpaka ukuta ukauke na fundi umeme aifungue aitazame. Hili halisubiri. Kanopi inaweza kusubiri wiki mbili tatu.

Sasa tuje kwenye uvujaji wenyewe. Saruji ilipasuka na silikoni ikaachia kwa sababu ileile moja: bati na ukuta haviendi pamoja. Hapa kwetu kuanzia Mei mpaka Novemba karibu hakuna mvua, na muda wote huo jua linalipiga bati lako tangu linapochomoza. Saa tano asubuhi huwezi kuliwekea kiganja. Alfajiri ya Julai ni la baridi kabisa. Tofauti ya nyuzi 40 kati ya nyakati hizo mbili ni jambo la kawaida kwa bati lililo juani. Chuma hurefuka sehemu 12 kwa kila milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo bati la mita 3 linarefuka na kurudi karibu milimita moja na nusu, kila siku, miezi yote ya kiangazi. Ukuta wa matofali hurefuka kama nusu ya chuma, tena ni mnene, haupati moto haraka. Katikati yao fundi wako aliweka saruji, kitu kisichovutika hata kidogo. Ilikuwa lazima ipasuke, na ufa wenye unene wa unywele unatosha, maana ufa mwembamba huyanyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta.

(Kama kuna jirani anayewaza kuweka polikaboneti, ile plastiki ngumu, badala ya bati, ajue kwamba hiyo hurefuka zaidi ya mara tano ya chuma. Kwa mita 3 hizohizo na nyuzi 40 hizohizo ni kama milimita 8. Alumini ni karibu mara mbili ya chuma.)

Kwa hiyo, mvua ya Januari ilikuonyesha tu kitu ambacho jua lilikuwa limekivunja tangu Agosti. Ndiyo maana sitakutajia silikoni bora zaidi uende ukainunue. Panda ngazi utazame paa la nyumba yako: kati ya bati na bati hakuna gundi yoyote. La juu limelalia la chini, maji yanateleza kutoka moja kwenda jingine, na linadumu miaka. Kiungo cha kanopi na ukuta nacho kijengwe hivyo hivyo, kiasi kwamba hata silikoni ikifa yote, maji yakose njia ya kurudi nyuma. Silikoni inaweza kuwepo, lakini kazi isiitegemee.

Kabla hujamwita fundi, tafuta maji yanaingilia wapi hasa. Maji hutokea mahali pamoja yakiwa yameingilia pengine, na nimeona watu wakirekebisha kanopi isiyo na kosa. Hili unaweza kulifanya mwenyewe ukiwa na mtu mmoja ndani ya nyumba, ngazi, kata na ndoo nne tano za maji. Najua maji ya mgawo yana thamani, lakini haya hayatapotea bure. Kanuni ni kuanza chini na kupanda juu, kwa sababu ukianza juu maji yatalowesha kila kitu na hutajua kipi ni kipi.

Mwagia kwanza fremu ya dirisha peke yake, pembeni na juu yake, chini ya kanopi. Subiri dakika 10. Maji yakiingia hapo, kanopi haihusiki. Ama kuna mwanya kati ya fremu na plasta, ama, kama dirisha ni la alumini la kusukuma, vile vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini vimezibwa na vumbi. Vumbi letu jekundu huvijaza kwa msimu mmoja tu, maji yanajaa kwenye reli na kumwagikia ndani. Kijiti cha kiberiti kinamaliza kazi hiyo. Pakiwa pakavu, mwagia bati la kanopi katikati, mbali na ukuta. Subiri tena. Kisha mwagia pale bati linapogusa ukuta. Mwisho kabisa mwagia ukuta wenyewe, nusu mita juu ya kanopi, polepole, kata baada ya kata, na hapo subiri hata nusu saa. Aliye ndani awe na chaki, azungushie kila alama ya unyevu inapotokea.

Mara nyingi maji hutokea katika hatua hiyo ya mwisho, na watu hawaamini. Nikusimulie nyumba moja ya Ipagala. Flashingi yake, yaani kile kipande cha bati kinachofunika kiungo cha kanopi na ukuta, kwa nje ilikuwa safi: bati limenyooka, skrubu zimepangwa vizuri, silikoni imelainishwa kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na ndani maji yanashuka. Niligonga plasta juu ya flashingi kwa mpini wa nyundo, ikalia kama debe tupu. Nikaweka tindo, kipande cha ukubwa wa kiganja kikatoka chenyewe bila hata kupigwa. Nyuma yake matofali yalikuwa yamelowa mistari mitatu kwenda juu, yamekolea rangi ya damu ya mzee, na nilipopitisha kidole kikatoka na maji. Juu kabisa, karibu na paa, palikuwa na mpasuko mwembamba kwenye plasta. Maji yaliingilia pale, yakashuka katikati ya plasta na tofali, yakapita nyuma ya flashingi bila kuigusa, yakatokea sebuleni. Flashingi ilikuwa imefungwa juu ya uso wa plasta. Ilikuwa inayazuia maji yanayopita mbele yake, na maji yenyewe yalikuwa yanapita mgongoni mwake.

Matofali yetu ya kuchoma hunywa maji sana, hasa yale yaliyokaa pembeni mwa tanuri na hayakuiva. Kwa hiyo kwa nyumba kama yako, ushauri wangu mkubwa ni huu: flashingi isiishie kwenye plasta, iingie ndani ya tofali. Fundi asiyekubali kukata ukuta mpe chai umuage, tafuta mwingine.

Kazi yenyewe iende hivi. Toa kwanza silikoni na saruji yote ya zamani. Juu ya kanopi, bandua plasta kwa upana wa kama sentimita 20 mpaka uone tofali, na upite mwisho wa kanopi sentimita 10 kila upande. Tafuta mstari wa udongo au saruji ulio kati ya tofali na tofali, ulio sentimita 15 hivi juu ya bati. Kata hapo mfereji kwa grinda yenye diski ya kukatia mawe, kina cha sentimita 2 na nusu ndani ya tofali lenyewe, ukiacha kuhesabu unene wa plasta. Ukigundua mstari huo umeangukia kwenye zege la linta, ile boriti inayopita juu ya dirisha, panda juu mpaka kwenye tofali. Nondo za linta ziko sentimita chache tu ndani, na mfereji unaozisogelea unazipelekea kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hulivimbisha na kulipasua zege kutoka ndani. Linta iliyopasuka ni gharama nyingine kabisa.

Flashingi iwe ya vipande viwili. Hapa ndipo mafundi wengi hutaka kufanya mkato kwa kutumia kipande kimoja kilichopigwa skrubu ukutani na kwenye bati, halafu ile milimita moja na nusu ya kila siku inakichanachana. Kipande cha chini kifungwe kwenye bati la kanopi tu, kisimame kuegemea ukuta kwa sentimita 12, bila msumari hata mmoja ukutani. Kipande cha juu kiingie kwenye mfereji, kishuke kikikifunika kile cha chini kilichosimama kwa sentimita 7 au 8, bila kufungwa nacho. Kimoja kinakwenda na bati, kingine kinakaa na ukuta, na kati yao kuna nafasi ya kusuguana. Maji yanayoteremka ukutani yanapokelewa na cha juu, yanadondokea mbele ya cha chini, yanakwenda zake. Tumia bati bapa la geji 28 au 26. Geji 30 ni jepesi, litayumba na upepo wetu mpaka lipinde. Ukingo wa chini wa kila kipande ukunjwe sentimita moja, utakuwa mgumu na hautakata mtu. Kama itabidi kuunga, laza kipande juu ya kipande kwa sentimita 15.

Ncha mbili za kushoto na kulia zinasahauliwa sana. Maji yanayokimbilia pembeni mwa flashingi yakifika mwisho hurudi ukutani na kushuka kando ya dirisha, na utadhani kazi yote imeharibika. Kila ncha ipite kanopi sentimita 10, kisha ikunjwe itazame nje ili maji yatupwe mbali.

Ukingo wa juu ukishaingia kwenye mfereji, ushikiliwe kwa vipande vidogo vya bati vilivyokunjwa na kupigiliwa kila baada ya sentimita 40. Halafu ndipo silikoni inaingia, na hapa nina maneno kidogo. Fungua mdomo wa tyubu unuse. Ikitoa harufu kali ya siki, irudishe dukani. Aina hiyo hutoa asidi inapokauka, haishiki vizuri kwenye saruji na inakula zinki ya bati. Omba isiyo na asidi, au ile ya polyurethane ambayo hushika ukuta vizuri zaidi na inakubali rangi. Mfereji upigwe brashi mpaka vumbi liishe, ufutwe kwa kitambaa kibichi, ukauke kabisa. Ukipaka juu ya vumbi, umelipaka vumbi. Sukuma kwanza uzi wa sponji ndani ya mfereji ili silikoni ishike juu na chini tu, isishike mgongoni, ndipo itaweza kuvutika. Upana wa milimita 10 na kina cha milimita 6 vinatosha. Fanya asubuhi kabla bati halijapata moto.

Ukirudisha plasta, ya juu iishie sentimita 2 kabla ya mfereji. Isishuke kugusa bati. Maji yoyote yaliyokuwa nyuma ya plasta yatapata pa kutokea, yatadondokea juu ya flashingi kwa nje. Fundi wa plasta atakuambia hapo panaonekana pabaya, anataka kufunika mpaka mwisho. Mkatalie kwa upole. Paka ule ukanda wa tofali rangi ya nje, ukiwa chini hutauona.

Kuna mambo mengine madogo ambayo yafanyike siku hiyohiyo kwa sababu ngazi tayari ipo. Kanopi yako ya sentimita 60 iwe imeshuka sentimita 15 kutoka ukutani hadi mbele, ikiwa imelala zaidi ya hapo upepo utayapandisha maji nyuma. Mwisho wa bati ulio ukutani, mabonde yakunjwe kwenda juu kwa koleo, vinginevyo mvua ya upepo huingia chini ya flashingi kupitia kila bonde. Skrubu zikae kwenye mgongo wa bati na ziwe na washa ya mpira. Matundu ya bolti zinazoshika ile skwea paipu (bomba la chuma la pembe nne linalobeba kanopi) ukutani ni mlango mwingine wa maji: yatobolewe yakiwa yamepanda kidogo kuelekea ndani, ili tone lililoingia lirudi nje, na yajazwe silikoni kabla bolti haijaingia. Bolti hizo zishike kwenye zege la linta kama inawezekana, kwani tofali laini huachia taratibu na kanopi huanza kucheza. Na ule ufa wa juu karibu na paa, kama upo, uzibwe. Kwa ufa wa plasta tu, usiohusu kiungo cha vitu viwili, saruji inafaa.

Wenye kanopi ya zege iliyomwagwa pamoja na linta hawana shida ya bati, lakini wengi zege lao limelala, maji yanatuama kwenye kona ya ukuta. Wapige saruji ya mteremko kuanzia ukutani kwenda nje, na chini ya ukingo wa mbele wachonge mfereji wa sentimita moja, kiasi cha sentimita 2 kutoka mwisho, ili maji yadondoke hapo badala ya kutambaa chini ya zege mpaka dirishani.

Kuhusu hiyo fangasi. Unga mweupe unaouona si fangasi, ni chumvi. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, matofali na plasta hukorogewa nayo, na udongo wenyewe unayo. Ukuta ukilowa, chumvi huyeyuka, maji yakikauka hutoka nayo mpaka usoni na kuisukuma rangi ibanduke. Dawa ya fangasi haitaifanya chochote. Iondoe kwa brashi kavu na uikusanye uitupe. Usiioshe kwa maji, itayeyuka irudi ndani. Na tafadhali usikubali kupakwa rangi ya mafuta au skimu ya jasi juu yake mapema. Utaufungia unyevu ndani na baada ya miezi michache utaona mapovu.

Kujua kama ukuta umekauka, chukua kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30, ubandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, uache siku nzima, mchana na usiku. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, subiri wiki mbili ujaribu tena. Ukuta wa matofali uliolowa tangu Januari unaweza kuchukua miezi, hata kwa hewa kavu ya hapa.

Mvua za kwanza kwetu hutarajiwa Desemba, pengine mwishoni mwa Novemba. Jitahidi kazi ya nje iishe kabla ya Oktoba kwisha. Fedha zisipotosha mwaka huu, mkanda wa lami wenye uso wa alumini utakuvusha msimu mmoja, ukiubandika kwenye tofali lililobanduliwa plasta na kufutwa vumbi. Mwakani jua litakuwa limeumaliza. Na mkubaliane na fundi mapema kwamba sehemu ya mwisho ya malipo inatoka baada ya kumwagia maji, yeye akiwa juu ya ngazi na wewe ukiwa ndani na chaki yako. Mwagieni kama mlivyofanya mara ya kwanza, chini kwenda juu, nusu saa nzima kwenye ukuta wa juu. Ukuta ukibaki mkavu, mlipe. Rangi ya ndani ije baada ya nailoni kutoka bila tone, na soketi iwashwe ya mwisho, fundi umeme akishaiangalia.